UZI MAALUMU: Kufufua Mustang, Bel Air, Camaro na C10 ndani ya gereji moja ya nyumbani

#1 SpanaNusuInchi

Wakuu, maswali kuhusu magari ya kale ya Kimarekani yametawanyika kwenye nyuzi nyingi, na majibu mazuri yanapotea. Tuyaweke hapa. Nitatumia magari manne ambayo watu wengi huanza nayo kwa sababu vipuri vyake bado vinatengenezwa upya: Ford Mustang ya 1965 au 1966, Chevrolet Bel Air ya 1955 hadi 1957, Chevrolet Camaro ya 1969 na pikapu ya Chevrolet C10 ya 1967 hadi 1972. Gereji ni ile ya kawaida ya nyumba za Marekani, ya magari mawili, na magari yanayobaki yako nje chini ya paa.

Kanuni ambayo ningeomba kila mtu aishike: fungua gari moja tu kwa wakati mmoja. Mengine yote yabaki juu ya magurudumu yake, usukani unageuka, breki ya mkono inashika, yanasukumika na watu wawili. Gari likishafunguliwa linakula nafasi ya magari mawili na zaidi: milango, fenda, boneti, viti, injini kwenye stendi, giaboksi sakafuni. Ukifungua la pili kabla ya la kwanza kusimama, bolti zinachanganyika, na bolti za Chevrolet na Ford za miaka ile zote ni za inchi, hivyo kwa macho zinafanana. Miradi mingi inayouzwa ikiwa kwenye maboksi ilifia hapo.

Gari linaloanza liwe lile lenye bodi nzima kuliko yote, hata kama injini yake imekwama. Injini unaweza kuipeleka kwa mchongaji, ukachonga silinda na kranki, ikarudi. Bodi iliyooza ni kazi ya mikono yako usiku hadi usiku.

Magari yanayosubiri yasiachwe hivi hivi. Mwaga petroli yote ya zamani tangini. Toa plagi, tia kijiko kimoja cha oili kwenye kila silinda, zungusha kranki kwa mkono kwa spana ndefu, rudisha plagi. Rudia kuzungusha kila mwezi. Ziba ekzosi na mdomo wa kabureta kwa wavu wa chuma, maana panya hupenda kujenga humo na kutafuna waya. Ondoa betri. Tandika nailoni nzito sakafuni chini ya gari kuzuia unyevu wa zege, lakini usilifunike gari lenyewe kwa nailoni. Mvuke unaogeuka maji ndani yake unatengeneza kutu haraka kuliko mvua. Tumia kitambaa kinachopumua.

Kuna kazi zinazolipa ukizifanya kwa magari yote kwa mkupuo: kupeleka rejeta, kusafisha matangi, kuagiza mipira na mabomba ya breki, kupiga praima vipuri vidogo (bunduki ya rangi unaiosha mara moja). Kazi zisizofaa mkupuo ni injini na waya. Kila kipuri kinachotoka kipigwe picha kikiwa bado mahali pake, kisha kiingie kwenye mfuko wenye lebo ya gari, upande na mahali. Andika kwa penseli ya mafuta au kalamu isiyofutika kwa thina.

#2 NambaNaHati

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze jambo linalotangulia spana: soma namba kabla hujalipa.

Mustang ya 1965 na 1966 inajieleza yenyewe. Namba ya kwanza ni mwaka (5 au 6), herufi inayofuata ni kiwanda: F ni Dearborn, R ni San Jose, T ni Metuchen. Kisha bodi: 07 yenye paa gumu, 08 ya kufunua, 09 ya mgongo wa mteremko. Halafu herufi ya injini. Kwa magari yaliyoundwa kuanzia Agosti 1964, T ni silinda sita ya inchi za ujazo 200, C ni V8 (silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V) ya 289 yenye kabureta ya midomo miwili, A ni 289 ya midomo minne, K ni 289 yenye nguvu zaidi. Mtu akikuuzia "K" na namba inasema C, hiyo si K.

Camaro ya 1969 haiko hivyo. Namba yake inakwambia V8 au silinda sita, na kiwanda (N ni Norwood, L ni Los Angeles), lakini haisemi kama gari lilitoka kiwandani likiwa SS au Z/28 (matoleo yake yenye nguvu zaidi). Hapo unahitaji mihuri ya injini, tarehe za vipuri na karatasi za awali. Bila hivyo, lipa bei ya Camaro ya kawaida.

Kwa wenye Mustang: namba imegongwa kwenye bati la ndani la fenda ya kushoto. Bati hilo huoza, na wengine hulikata na kulitupa. Usifanye hivyo. Kuondoa au kubadilisha namba ya gari ni kosa chini ya sheria ya shirikisho la Marekani. Tengeneza kuzunguka sehemu yenye namba, na kama imeoza yenyewe, uliza ofisi ya magari ya jimbo lako kabla ya kuwasha grenda.

#3 BatiTupu

Nije kwenye kutu, kwa sababu bajeti nyingi hufia huko.

Mustang: mwaga maji taratibu kwenye matundu ya hewa yaliyo chini ya kioo cha mbele huku mwenzako amelala ndani na tochi chini ya dashibodi. Maji yakidondoka ndani, kisanduku cha hewa kimetoboka. Hiyo ndiyo sababu ya sakafu za mbele kuoza, na ukibadilisha sakafu bila kutengeneza kisanduku, sakafu mpya itaoza vilevile. Kukifikia lazima utoboe alama za spoti (nukta za kuchomelea) za kiwanda kwa keekee maalumu ya milimita 8, ukiishia kwenye bati la juu tu. Kagua pia mihimili ya chini na pembe zinazounganisha vizingiti na mihimili. Mustang haina chasi ya kutenganishwa. Bodi ndiyo chasi.

Camaro: mbele ina chasi fupi inayofungwa kwa bolti, nyuma ni bodi. Huoza chini ya kioo cha nyuma, hasa zilizokuwa na paa la vinili, na maji yakipita hapo yanakula sakafu ya buti. Ukibadilisha mipira ya chasi ya mbele, usikaze bolti kwa makadirio. Kuna matundu ya kupimia kwenye chasi na bodi. Pitisha vipande vya chuma vya inchi 5/8 vinyooke, kisha kaza. Ukiruka hatua hiyo, fenda na milango havitapatana hata ufanyeje.

Bel Air: juu ya taa za mbele, vizingiti, sakafu ya buti na mbavu zilizo chini ya sakafu. Ina chasi kamili, hivyo bodi inanyanyuka, ila kabla ya kuinyanyua chomelea mabomba ya mraba ndani ya uwazi wa milango, juu na kwa mshazari. Bila hayo bodi inapinda katikati na mlango haufungi tena.

C10: pembe za chini za kebini, vizingiti, na mahali kebini inapokalia chasi. Ndizo rahisi kuliko zote.

Kuchomelea: MIG (mashine inayolisha waya na gesi), waya wa milimita 0.6, gesi ya 75% agoni na 25% kaboni dayoksaidi. Kata bati bovu hadi ufikie bati zima linalolia likigongwa, si hadi pale kutu inapoonekana kuisha. Pachika kiraka ukingo kwa ukingo, nafasi isizidi milimita 1. Piga nukta moja, ruka sentimita 8 au 10, piga nyingine, subiri bati lipoe hadi uweze kulishika kwa mkono, rudi kujaza katikati. Anayevuta mstari mrefu mara moja anapindisha bati, kisha anaficha mawimbi kwa puti nene, na puti nene hupasuka.

Na hili ni la uhai: usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea. Joto na mwanga wa arki vinageuza mvuke wake kuwa gesi ya fosjini, inayoua hata kwa kiasi kidogo. Tumia asetoni, iache ikauke kabisa, na weka kopo mbali.

#4 Mchanga_Mkavu

Kaka BatiTupu, kwa nini watu wahangaike na grenda wakati bodi nzima unaweza kuipiga mchanga kwa siku moja?

#5 BatiTupu

Kwa chasi, difu, mikono ya saspensheni na rimu, piga mchanga bila wasiwasi. Boneti, paa, ngozi za milango na mabati ya nyuma, hapana. Bati pana likipigwa kwa presha kubwa linatanuka upande mmoja na kubaki na mawimbi yasiyorudi. Kwa hayo tumia dawa ya kuondolea rangi, au diski laini ya nailoni kwa mwendo wa taratibu. Magadi ya kupulizia hayapindishi bati, lakini vumbi lake likibaki kwenye viungo linazuia rangi kushika. Lazima uoshe na kusawazisha vizuri.

Bati likishakuwa tupu, praima ya epoksi siku hiyohiyo. Puti ije juu ya epoksi iliyokwaruzwa na msasa namba 80, si juu ya chuma kitupu wala juu ya praima ya kopo. Viungo vyote vilivyochomelewa vipakwe sili ya viungo baada ya epoksi, na ndani ya vizingiti upulize nta kwa bomba refu mwisho wa kazi yote. Ukipuliza kabla, kuchomelea kutaiwasha moto.

Jihadharini na risasi. Viungo vya paa vya magari haya vilijazwa risasi kiwandani, na rangi za zamani zina risasi pia. Usiisage kwa grenda. Iyeyushe kwa moto mdogo na kuipangusa, ukiwa na barakoa yenye kichujio sahihi na madirisha wazi. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadena zina isosianeti, ambayo barakoa ya vumbi haizuii. Anayepiga rangi hizo nyumbani avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje, la sivyo amlipe mwenye chumba cha rangi.

#6 DadaPistoni

Nashukuru kwa somo la bati. Mimi nitashika injini: 289 ya Ford na V8 ndogo ya Chevrolet, kwa kuwa hizo ndizo mtakazokutana nazo zaidi.

Injini iliyokwama isivutwe kwa stata. Jaza silinda mchanganyiko wa nusu oili ya giaboksi otomatiki na nusu asetoni, acha siku kadhaa, kisha jaribu kwa spana ndefu kwenye bolti ya kranki, mbele na nyuma kidogo kidogo. Isipotii, toa hedi uone ni silinda ipi.

Kama inazunguka, pima kompresheni kabla ya kuamua kuifungua. Silinda dhaifu kuliko zote isiwe chini ya 75% ya ile yenye nguvu kuliko zote. Ikipungua, tia oili kidogo upime tena: ikipanda, tatizo ni ringi, isipopanda, ni valvu au gasketi.

Kwa anayefungua: silinda za 289 zina kipenyo cha inchi 4.00. Kuchonga inchi 0.030 ni salama, 0.060 iache, ukuta unakuwa mwembamba na injini inachemka. Mwanya wa ringi ya juu ni inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, yaani takriban 0.016. Ukiwa mdogo, ringi zinagusana zikipata joto na kuvunja pistoni. Nafasi ya beringi za kranki ilenge inchi 0.002 hadi 0.0025, pima kwa uzi wa plastiki wa kupimia, usikisie.

Sili ya nyuma ya kranki kwenye 289 ya zamani ilikuwa ya kamba, na kofia ya beringi ya mwisho ina pini ndogo ya kuishika kamba hiyo. Ukiweka sili ya kisasa ya mpira, toa pini kwanza. Ikibaki, inaisukuma sili na oili itavuja siku ya kwanza.

Bolti za hedi za 289 zikazwe kwa hatua tatu: futi-pauni 50, kisha 60, kisha 65 hadi 72, kuanzia katikati kwenda nje. V8 ndogo ya Chevrolet ni 65, na bolti zake zote za hedi zinaingia kwenye njia ya maji, hivyo uzi wake upakwe sili. Anayesahau anaona maji yakipanda kwenye bolti na kudhani bloku imepasuka.

Kamshafti ya tapeti bapa ndiyo inayoua injini nyingi mpya. Kamshafti mpya iende na tapeti mpya, siku zote. Paka krimu ya molibdenamu kwenye kila nundu na chini ya kila tapeti. Jaza mfumo wa oili kwanza kwa kuzungusha pampu kwa drili kupitia tundu la distribyuta: Chevrolet mwelekeo wa saa, Ford kinyume chake. Kwa Chevrolet tumia kifaa chenye mwili unaofanana na distribyuta, kwa sababu mwili huo ndio unaoziba njia ya oili. Fimbo tupu itaacha tapeti za upande mmoja kavu. Injini ikiwaka, isikae sailensa (mwendo wa chini bila kukanyaga mafuta). Ipandishe mara moja hadi mizunguko 2000 hadi 2500 kwa dakika, ukiipandisha na kuishusha humo, dakika 20 hadi 30. Kwenye sailensa nundu hazipati oili ya kutosha. Zikilika, vumbi la chuma linaenda kwenye beringi na unaanza upya.

Oili iwe yenye zinki ya kutosha. Oili nyingi za magari ya leo zimepunguziwa zinki na fosforasi ili kulinda kichujio cha ekzosi, na tapeti bapa zinahitaji kinga hiyo. Injini zote mbili hunywa kwoti 5 pamoja na filta, karibu lita 4.7. V8 ya Bel Air ya 1955, ile ya 265, haikuwa na mahali pa filta kwenye bloku, kwa hiyo oili yake ibadilishwe mapema zaidi.

#7 Umeme12V

Waya. Chevrolet waliingia volti 12 mwaka 1955, kwa hiyo magari yote manne ni ya volti 12. Ganda la waya likivunjika ukilikunja, badilisha mkanda mzima. Viraka vya gundi ya umeme kwenye waya wa miaka 60 vinaleta moto, na magari haya yana fyuzi chache sana.

Earthi tatu zisikose: betri kwenda injini, injini kwenda bodi, bodi kwenda chasi. Ukimaliza rangi nzuri, kumbuka rangi hiyo inazuia umeme. Taa hafifu na geji zinazocheza baada ya ukarabati, mara nyingi ni bolti ya earthi iliyokaa juu ya rangi.

Mpangilio wa kuwaka wa 289 ni 1-5-4-2-6-3-7-8, Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Kwa Ford, 7 na 8 zinafuatana kuwaka na ziko jirani. Kwa Chevrolet ni 5 na 7. Waya za plagi za silinda hizo zisilale sambamba zikigusana, maana umeme huruka na kuiwasha jirani kabla ya wakati. Na kama Mustang imebadilishiwa injini ikapewa V8 ya lita 5.0 HO (yenye nguvu zaidi) ya miaka ya 1980, mpangilio ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Soma kamshafti iliyomo, usisome kitabu cha gari.

Platini za Chevrolet mpya ziachwe mwanya wa inchi 0.019, zilizotumika 0.016. Ford 289 ni 0.017. Anayeweka moduli ya elektroniki ndani ya distribyuta asiache swichi ikiwa imewashwa huku injini imezima. Koili inachemka na moduli inakufa.

#8 NjiaYaBreki

Mustang ya 1965 na 1966 na Bel Air zote zina masta silinda ya chemba moja. Bomba moja likipasuka, breki zote nne zimeondoka. Kuweka masta ya chemba mbili ndilo badiliko la kwanza ningelifanya, hata kwa anayetaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani.

Mabomba yote mapya, ya nikeli na shaba au ya chuma, mdomo ukunjwe mara mbili. Mdomo wa mkunjo mmoja hupasuka. Vumbi la viatu vya breki vya zamani lina asbesto: lisipulizwe kwa upepo, lowesha na upanguse.

Kiatu kifupi kinakaa mbele, kirefu nyuma. Viziwekeshi vya kushoto na kulia havibadilishani. Ukivigeuza, breki inalegea yenyewe badala ya kujikaza. Drumu ya inchi 10 isichongwe kupita 10.060.

Ukigeuza mbele kuwa diski, hakikisha masta haina vali ya kubakiza presha kwenye njia ya diski. Ya drumu inabakiza takriban psi 10, na diski itaburuta hadi rimu iwe moto. Acha pia nafasi ndogo kati ya fimbo ya pedali na pistoni ya masta. Fimbo ikibana, breki inajikaza kila unapokanyaga.

Toa hewa kwenye masta mezani kwanza, kisha nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mbele kushoto.

#9 V8_Maskati

Salamu kutoka Oman, wakuu. Huku magari ya Kimarekani yapo mengi, ila joto linatusumbua. C10 yenye V8 ya 350, ikizimwa dakika kumi haiwaki tena hadi ipoe. Rejeta ni mpya. Tuanzie wapi?

#10 DadaPistoni

Kaka, hiyo ni petroli inayochemka kwenye bakuli la kabureta baada ya injini kuzimwa. Rejeta haihusiki sana hapo. Weka kipande cha kuzuia joto, nusu inchi ya fenoliki, chini ya kabureta, na hakikisha boneti inafunga bila kugusa filta ya hewa. Sogeza bomba la petroli mbali na ekzosi. Pampu yenye njia ya kurudisha petroli tangini inasaidia sana, kwa sababu petroli haikai ikipikwa. Mipira ya petroli iwe ya daraja la 30R9.

Kwa joto la barabarani, angalia feni: nusu ya upana wa mapanga iwe ndani ya kizingo (bati linalozunguka feni), nusu nje. Themostati ya 180 ya Farenhaiti, yaani 82 ya Selsiasi, iwepo. Kuitoa hakupozi injini. Na kagua taimingi (wakati plagi inapowasha), kwa kuwa iliyochelewa inachemsha.

C10 za umri huo zina tangi nyuma ya kiti ndani ya kebini. Ukisikia harufu ya petroli kwenye joto, badilisha mpira wa shingo ya tangi na wa mvuke kwanza.

#11 Mchanga_Mkavu

Dada, ukisema taimingi: 289 ikiwekwa digrii 6 kwa taa inagonga, ikirudishwa kwa sikio inatulia. Distribyuta ni mpya.

#12 DadaPistoni

Usiiamini alama ya balansa (gurudumu zito lililo mbele ya kranki). Pete yake ya nje imeshikwa na mpira, na mpira wa miaka 60 huteleza, hivyo sifuri unayoiona si sifuri.

Toa plagi zote. Funga kizuizi cha pistoni kwenye tundu la plagi namba 1, ambayo kwa Ford ni ya mbele upande wa abiria. Zungusha kranki kwa mkono, polepole, hadi pistoni iguse. Weka alama kwenye balansa mbele ya mshale. Zungusha kinyume hadi iguse tena. Weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo juu kabisa halisi. Usitumie stata, utatoboa pistoni. Isipolingana na sifuri ya kiwanda, badilisha balansa, kisha weka digrii 6 ukiwa umechomoa na kuziba mpira wa vakyumu.

Unapoagiza, 289 inataka balansa ya aunsi 28. Za 5.0 za miaka ya 1980 na kuendelea ni aunsi 50. Ya aunsi 50 inaingia vizuri kwenye 289, lakini injini itatetemeka hadi beringi zilike. Hesabu pia bolti za puli: za zamani ni 3, za kuanzia 1970 ni 4, na mshale wa taimingi haukai upande uleule.